Inchi Ishirini na Saba

Mtu anayeuza mabwawa ya kuogelea, aliwaza Clélie Authement, hana haja ya kumjua Mungu. Maji yake yana bomba la kuingilia na bomba la kutokea. Hayajai, hayapwi, hayanuki. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Na chungu mwenyewe alikuwa anakuja sasa kwa kishindo, amesimama juu ya boti ya bei ya nyumba, akipasua katikati ya kidimbwi ambacho hata bata huingia kwa adabu.

"Ni yeye," alisema Wendell kutoka nyuma.

"Nimemsikia tangu alipoamka. Shika upondo wako."

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya shindano la uvuvi la parokia. Clélie alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mbele kwenye boti bapa ya marehemu mumewe, mshipi mapajani. Alikuwa na miaka sitini na minane na macho yasiyohitaji miwani ila kwa kusoma. Nyuma yake alisimama Wendell Pitre, mtoto wa kaka yake, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja mwenye mabega ya fahali na subira ya kuku.

Saa nzima walikuwa wakimnyemelea samaki mmoja. Maji yalikuwa ya magotini, rangi ya chai isiyo na maziwa, na yule samaki mwekundu alikuwa amezamisha kichwa kwenye tope akitafuta kaa, mkia umetoka nje unapunga. Jua liliupiga ukang'aa kama shaba, na pembeni kabisa mwa mkia ukaonekana ule uzi wa buluu, mwembamba, buluu ya joho la Bikira Maria. Samaki wa namna hiyo humtupii kamba kichwani. Unamtupia mbele, urefu wa mkono, halafu unanyamaza ukamwacha aamini kwamba kampata mwenyewe. Wendell alishakanyaga sakafu ya boti kwa kisigino mara mbili, na mara mbili mkia ukazama, na mara mbili Clélie akasema Baba Yetu polepole hadi uliporudi.

Sasa wimbi la ile boti kubwa likafika. Boti bapa ikayumba, majani ya kinamasi yakalala upande mmoja, na pale palipokuwa na mkia pakabaki tope likizunguka.

"Habari za asubuhi!" alipiga kelele Grady Hollister huku akipunguza mashine, akasahau kupunguza muziki. Alikuwa amevaa shati lililochorwa magamba ya samaki. Usoni alikuwa amejifunga kitambaa kilichochorwa taya la samaki, lenye meno. Miwani moja machoni, nyingine kofiani. Clélie alimtazama juu hadi chini akaona kwamba kitu pekee ambacho hakikufanana na samaki kwa mtu yule ni akili, na hata samaki mwenyewe angedai kaonewa kwa mfano huo.

"Mmepata chochote, mama?"

"Tulikuwa tunapata."

"Wamejificha wapi leo?"

"Wewe umewakimbiza, bwana. Waulize wewe."

Hollister alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo nalo Clélie hakulipenda. Mtu anayecheka anapotukanwa, ama ni mtakatifu au hajasikia. "Mimi nina wangu pale gatini," alisema. "Nimeweka taa chini ya maji, za kijani. Trauti wa madoadoa wanakuja wenyewe, wamejipanga kama watoto wa shule. Nachota tu."

"Hata kuku anachotwa hivyo," alisema Clélie. "Hatusemi tumemwinda."

"Sikiliza, Jumamosi nikishinda," Hollister aliendelea, maana alikuwa na jambo lake na hakuja kusikiliza, "nimeshamwambia Padre. Shada la maua tunalitupa mbele ya gati langu. Nimeleta mpiga picha kutoka Baton Rouge. Taa chini, maua juu. Hebu fikiria!"

Clélie alifikiria. Mikono yake ikatulia juu ya mshipi.

"Shada ni la wafu," alisema.

"Ndiyo maana! Watapendeza!"

Akawasha mashine akaenda zake, na muziki wake ukabaki unaelea juu ya majani muda mrefu kama harufu ya mtu asiyeoga.

Pale Bayou Perdrix, kando ya bayu, ule mkono wa maji ya kinamasi unaokwenda baharini, kila mwaka, Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, boti hubarikiwa. Anayeleta samaki mwekundu mzito kuliko wote, ndani ya kipimo, boti yake ndiyo huongoza. Ndani yake hupanda Padre, sanamu ya Bikira, na shada la maua kwa ajili ya wote waliochukuliwa na maji. Na nahodha wa boti hiyo ndiye huchagua shada litupwe wapi. Miaka tisa mfululizo walishinda watu wa bayu, na miaka tisa mfululizo, bila kuambiwa, waligeuza usukani kushoto hadi Mlango wa Perdrix, mahali alipokutwa Ulysse Authement, mume wa Clélie, amelala kifudifudi kwenye maji ya kiunoni. Daktari alisema ni moyo. Watu wa bayu walisema ni maji, wakamhesabu pamoja na waliozama.

Kaburi lake liko nyuma ya kanisa, na Clélie hulipalilia. Lakini si kaburini alikofia. Alifia pale mlangoni, peke yake, bila padre, bila mafuta matakatifu, bila hata mtu wa kumshika mkono akamtajia jina la Yesu. Mtu aliyehudhuria Misa miaka hamsini akafa kama nguchiro. Padre Hieu ana parokia tatu na hofu ya boti; huipanda siku moja tu kwa mwaka. Siku hiyo moja, mahali hapo hapo, sala ya padre ilimfikia Ulysse pale alipoikosa. Ndivyo Clélie alivyoamini, na hakuna mtu aliyewahi kuwa na ujasiri wa kumwambia vingine.

"Usijali, shangazi," alisema Wendell, akisukuma upondo kwa hasira hata boti ikazunguka. "Jumamosi mimi nitamshinda yule mpuuzi."

"Kwa mguu huo?"

"Mguu gani?"

"Huo unaokanyaga kama unaua mende. Samaki wanakusikia hadi Mexico."

"Shangazi!"

"Sema nimekosea."

Wendell akautazama mguu wake. Alikuwa mtoto mwenye moyo mzuri, na hilo ndilo lililomchosha Clélie zaidi. Moyo mzuri bila kazi ni kama chumvi bila chakula. Baba yake alimwachia boti nzuri, yeye akaiuza. Ulysse alijitahidi kumfundisha kusoma maji, yeye akajifunza kusoma simu. Hata hivyo jioni ile, nyumbani kwake, Clélie alipiga magoti mbele ya Bikira wa plasta juu ya friji, akaomba waziwazi, bila kuzungusha maneno: mpe mjinga wetu samaki mkubwa kuliko samaki wa mjinga yule.

*

Jumamosi mchana ukumbi wa parokia ulijaa hadi nje. Sufuria za gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, zilikuwa zinachemka, wali umerundikwa, na wale wale waliokuwa wakimsema Hollister kanisani walikuwa wakisukumana sasa kupata nyama aliyoileta bure, mbuzi wake wa kuchoma na soseji zake. Clélie aliwatazama wakilamba vidole. Esau aliuza urithi kwa dengu. Hawa hata dengu hawakudai, wamejitoa kwa soseji.

Yeye alikuwa mezani pa kupimia, aproni mpya, mikono imeoshwa. Miaka kumi na moja alikuwa mpimaji wa parokia. Hakuchaguliwa kwa elimu, maana alifika darasa la saba tu. Alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema kitu ambacho hakukiona. Ubao wa kupimia ulikuwa mbele yake, wenye ukuta mwanzoni. Mdomo wa samaki unafungwa, unagusa ukuta. Mapande mawili ya mkia yanabanwa pamoja kwa vidole, na ncha yake inapofikia ndipo unaposoma. Chini ya inchi kumi na nane, mtoto, arudishwe. Juu ya ishirini na saba, mzazi, arudishwe. Samaki anayefika huko anatoka kwenye vidimbwi kwenda bahari kuu kuzaa. Hiyo ni sheria ya jimbo, lakini kabla ya sheria ilikuwa desturi ya Ulysse: aliwashika hao wakubwa kwa mikono miwili majini, akawasukuma wapate pumzi, akawaambia, "Nenda kazae, mama."

Pembeni yake, kwenye mizani, alikaa mzee Théophile Dugas, mwenye masikio ya mapambo tu.

"Nani anakuja?" aliuliza Théophile.

"Mabwawa."

"Nani?"

"MABWAWA!"

Watu wakacheka. Hollister naye akacheka. Aliweka samaki wake mezani kwa mikono miwili, mpiga picha akimzunguka kama nzi. Clélie alimgeuza samaki yule upande mmoja, upande wa pili. Akafungua matamvua. Akapapasa tumbo, maana watu wa mjini wana risasi za kuongezea uzito mifukoni na tamaa kichwani. Hakukuwa na kitu. Alikuwa samaki safi, aliyevuliwa asubuhi, doa lake jeusi zuri mkiani. Akaubana mkia.

"Ishirini na sita na nusu," alisema, baada ya kuusoma ubao mara mbili. "Halali."

"Ratili saba na robo tatu!" alipaza sauti Théophile.

Ukumbi ukaguna. Hakuna aliyekuwa amefika saba.

"Umemvua wapi?" aliuliza Clélie, ingawa sheria haikumtaka aulize.

"Nyuma ya gati langu. Nilimwona anapunga mkia, nikarusha mbele yake kidogo, nikasubiri." Alikuwa ameshusha kile kitambaa cha meno. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, umeungua na jua puani, na Clélie akaudhika kuona kwamba mtu yule alikuwa anasema kweli. "Nilisubiri sana, mama. Niliona ninyi mnavyofanya siku ile."

Kwa hiyo ameiba hata kunyamaza kwetu, aliwaza Clélie. Akaufuta ubao alipolala samaki yule, hakumwambia hongera.

Zilibaki dakika ishirini kufunga. Zikabaki kumi. Padre Hieu alikuwa ameshavaa kanzu na stola, anatazama maji kwa jicho la mtu anayetazama daktari wa meno. Ndipo Wendell alipoingia mbio, tope hadi mapajani, sanduku la barafu begani. Akalitua, akafungua, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Alikuwa samaki kweli kweli. Mabega yake mapana kama kiatu cha mzee, magamba ya shaba nzito. Watu wakaanza kupiga meza. "Wendell! Wendell!" Mtu mmoja alishapanda kwenye kiti, soseji ya Hollister mkononi, akimshangilia anayemshinda Hollister.

"Umemtoa wapi, mwanangu?" aliuliza Clélie, na moyo wake, Mungu amsamehe, uliruka kama wa msichana.

"Kule kule, shangazi. Pale pa mjomba." Alikuwa anahema. "Mlangoni penyewe."

Clélie alimlaza samaki kwenye ubao. Mdomo ukutani. Vidole viwili mkiani. Ncha ilifika inchi ishirini na sita na robo tatu, kidogo tu chini ya mstari. Halali. Kule pembeni Théophile alishanyoosha mikono ampokee. Hata kwa macho kila mtu aliona kwamba yule ni ratili nane na zaidi.

Lakini vidole vya Clélie havikuachia mkia.

Mkia wa samaki hai, au aliyekufa leo, huishia kwa ulaini. Ile miiba yake midogo hupungua, hupungua, hadi inakuwa ngozi tupu, kama pindo la kitambaa kilichooshwa mara nyingi. Huu uliishia ghafla. Ulimchoma kidogo kidoleni, kama ndevu za mwanamume aliyenyoa jana. Na pembeni mwake palikuwa na tope. Mwili mzima wa samaki umeoshwa na barafu, unang'aa, halafu mkiani tope, limepakwa vizuri kama poda. Clélie alilifuta kwa kidole gumba. Chini yake palikuwa peupe. Akausogeza mkia kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta ule uzi wa buluu juu, akautafuta chini.

Alimtazama Wendell. Wendell alikuwa anamtazama yeye, na machoni mwake hapakuwa na hofu kabisa. Palikuwa na kitu kibaya kuliko hofu. Alikuwa anamtegemea.

"Ni kwa ajili ya mjomba," alinong'ona, midomo haisogei. "Sema tu namba, shangazi."

Namba ilikuwa mdomoni mwake. Baadaye Clélie aliungama hivyo hivyo, bila kupunguza: kwa muda wa Salamu Maria moja, namba ilikuwa mdomoni, na ilikuwa tamu. Hakuna mwingine ambaye angeona. Théophile anatazama mizani yake tu. Hollister hajui. Padre angepanda boti ya Wendell, wangegeuza kushoto, na sala ingemfikia Ulysse pale pale alipoanguka, ikiwa imebebwa na uongo. Alimwomba Bikira samaki mkubwa. Hakumwomba mkasi.

"Huyu ni mkubwa kupita kipimo," alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mkia umekatwa."

Watu wote wakasema pamoja.

"Kaa!" alipiga kelele Wendell. "Kaa ndiye kamng'ata! Kaa wamejaa kule, kila mtu anajua!"

"Kaa," alisema Clélie.

"Ndiyo, kaa!"

"Kaa wa bayu yetu siku hizi anatumia rula? Tazama. Kaa gani huyu anang'ata kwa mstari ulionyooka, toka juu hadi chini, halafu anakupakia tope kuficha kidonda? Mlete hapa kaa huyo, tumpe kazi ya ushonaji."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na aibu ndani. Clélie hakucheka. Aliuinua mkia kila mtu auone. "Umekata, umepaka tope. Buluu ungeipaka na nini, Wendell? Rangi ya kucha? Miaka thelathini na moja unakula samaki hawa, na hujawahi kumtazama hata mmoja hadi mwisho wake. Hata kuiba kunataka mtu anayejua kitu."

Askari wa wanyamapori, aliyekuwa kajificha pembeni na bakuli lake la pili la gumbo, aliliweka chini kwa huzuni ya kweli akaja na daftari lake. Alimpasua samaki tumbo kwa kisu chake. Mayai yalimwagika mezani, ya manjano, mengi kuliko mchele wa sufuria zote mle ukumbini. Hakuna aliyepiga meza tena. Yule wa kwenye kiti alishuka.

"Mama wa watu," alisema Théophile, ambaye hakuwa amesikia lolote ila aliona hilo.

*

Hollister alimfuata Clélie nje, kwenye beseni la kunawia mikono. Alivua kofia. Alikuwa na kipara, jambo ambalo Clélie alilitarajia.

"Mama Authement, ulichofanya pale, sijawahi kuona. Mtoto wako mwenyewe!"

"Wa kaka yangu."

"Nimeambiwa habari za mumeo. Sikujua. Kweli sikujua." Alisogea karibu. "Tufanye hivi. Twende huko kwenye mlango wenu. Shada tulitupe huko, Padre asali atakavyo, mimi sina neno. Wewe unapanda nami mbele kabisa, karibu na sanamu."

Clélie alifunga bomba. Kwa mara ya kwanza alimtazama mtu yule usoni bila kumpima.

"Kitu kimoja tu," alisema Hollister. "Huyu kijana wangu wa picha anachukua na video. Unashika yule samaki hivi, unaonyesha mkia, unasimulia. Mpwa wako mwenyewe, na ukamkamata. Ile ya kaa na rula! Watu mtandaoni watakufa kwa kicheko, mama. Watu milioni. Na Wendell asimame nyuma tu, asiseme kitu, sura yake inatosha."

Clélie alikausha mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja, kama alivyofundishwa na mama yake kabla ya kugusa mkate.

"Bwana Hollister," alisema. "Wendell ni mwongo na mjinga. Nimemwambia mbele ya parokia, nitamwambia tena jioni, na kesho baada ya Misa nitaanza upya. Huyo ni mjinga wetu. Tunamtukana wenyewe, kwa mdomo wetu, na wali tunampa. Hatumuuzi kwa watu wenye mabwawa."

"Lakini mumeo..."

"Mume wangu alikaa na mimi miaka arobaini na mbili. Anajua nisingekuja kwake kwa njia hiyo." Akachukua ubao wake wa kupimia. "Samaki wako ni halali. Nimesema mbele ya watu na sirudi nyuma. Ongoza. Tupa maua yako kwenye taa zako."

"Unajua, mama," alisema Hollister, na safari hii hakucheka, "mimi najaribu kuwa mtu mwema kwako."

"Naona. Ungejaribu kimya kimya, kama ulivyomvua yule samaki, pengine ungefaulu."

Padre Hieu alimkuta kwenye ngazi za gati, stola inapeperuka. Alikuwa ameambiwa yote. Parokia haina siri ila ile ya kitubio, na hata hiyo hukohoa. "Mama Clélie, ungeweza kwenda naye. Ni video tu."

"Wewe panda boti, Padre. Usitazame chini, hutatapika."

"Nitamwombea Ulysse nikiwa kule gatini kwake."

"Mwombee. Mungu si kiziwi kama Théophile."

Lakini alisema hivyo kwa sababu ni haki kusema hivyo. Alipoiona ile boti kubwa inageuka kulia, sanamu ya Bikira mbele, Padre ameshika ukingo kwa mikono miwili, na boti nyingine zote za bayu, vibendera na watoto na bibi zao, zinageuka kulia nyuma yake kama bata, hakuna hata moja, hata moja, iliyosita, alizihesabu hadi ya mwisho. Miaka tisa. Soseji zimetosha.

Wendell alikuwa amekaa kwenye boti bapa chini ya gati, kichwa kati ya magoti. Hakuna aliyemwita kwenye boti yake.

"Inuka," alisema Clélie, akishuka na ndoo yake. "Chukua upondo."

"Twende wapi, shangazi?"

"Unauliza?"

Walikwenda bila mashine. Maji yalikuwa yanapwa, na vichaka vya chaza vilianza kutokeza pembeni. Wendell alisukuma vizuri kuliko siku zote, mguu wake haukugonga hata mara moja, na Clélie alichukia hilo pia, kwamba adabu imemjia mtoto siku ambayo haikuwa na kazi. Hakumsifu. Mlangoni Wendell alisimamisha upondo kwenye tope, akafunga kamba.

Hapakuwa na shada. Hapakuwa na padre. Palikuwa na maji ya kiunoni, yanakwenda zake. Mbali, upande wa kulia, muziki wa Hollister ulianza, halafu makofi.

"Shangazi," alisema Wendell, "ningekuwa sijakata..."

"Ungekuwa hujakata, ungemrudisha akazae, na tungekuwa hapa hapa, bila maua, lakini ningekuwa nimekaa na mwanamume. Nyamaza. Toa rozari yako."

"Sina."

"Huna."

"Iko kwenye gari. Nadhani."

Clélie alitoa yake, akamkatia jicho, akafanya ishara ya msalaba. Alitaja jina la Ulysse. Akaanza sehemu ya kwanza ya Salamu Maria, akaisema hadi mahali ambapo mtu wa pili hupokea, akanyamaza amwachie nafasi.

Upepo ulipita. Mkizi mmoja aliruka akaanguka.

"Maria Mtakatifu..." alisema Wendell. "Mama wa Mungu. Utuombee... utuombee sisi..." Akakwama. Uso wake ukawa mwekundu hadi shingoni. "Nimesahau, shangazi."

"Wewe umesahau Salamu Maria."

"Naijua. Ni haya makofi yananichanganya."

"Mtu mzima mwenye ndevu, na meno, na leseni ya udereva." Alimtazama kwa muda mrefu, kwa dharau iliyotimia, isiyobakiza kitu cha kesho. Kisha akageukia maji, akairudisha rozari kwenye punje ya kwanza.

"'Sisi wakosefu, sasa, na saa ya kufa kwetu,'" alisema. "Hiyo ndiyo unayoisahau, na hiyo ndiyo tuliyoijia. Tunaanza tena. Na usiguse simu."